Usipopita, Acha Peupe

Afande amekufa kabla sijamaliza kumkasirikia, na hilo nalo ninamhesabia. Siku ya mazishi, aliyesimama kusoma historia fupi ya marehemu alisema mzee wetu alizunguka bahari kwa meli ya wanamaji, akapima vilindi, akawaonyesha mabaharia wengine pa kupita. Watu wa Igowole wakatikisa vichwa kwa majonzi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya msiba, mwiko mkononi, nikasikia damu inanipanda. Nilitaka niuache mwiko niende mbele nikawaambie ukweli. Sikwenda, kwa sababu msibani mtu hafanyi hivyo, na wanawe walikuwa wamesafiri kutoka mbali. Lakini hasira haikuzikwa. Walimsifu kwa lisilo lake, na lililo lake wakalifukia pamoja naye.

Hatukuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa mtu wa milima hiihii, akaja kwetu akiwa amestaafu, akajenga kibanda kizuri cha matofali nyuma ya stendi, na tangu siku ya kwanza alikuwa Afande tu. Alivaa sweta la bluu lenye viraka mabegani, na viatu alivyovipiga rangi kila asubuhi ingawa tope la Mufindi halimheshimu mtu. Mimi nina mgahawa hapo stendi. Nauza chai, maandazi, na wali maharage kwa madereva wa malori ya mbao. Afande alikuwa na nafasi yake kwenye benchi karibu na jiko, mgongo ukutani, uso barabarani. Ukimkuta mgeni ameketi pale ulimwona Afande amesimama kando anatazama dari, mpaka mgeni aone aibu ahame mwenyewe.

Na alijua kusimulia. Hilo sitamnyima. Alituambia kuna meli ya jeshi isiyopigana na mtu, meli nyeupe, kazi yake kwenda na kurudi juu ya maji kama trekta linavyolima shamba, mstari kwa mstari, bila kuruka hata mmoja. Inapeleka sauti chini, sauti inagonga sakafu ya bahari na kurudi, na kwa muda iliotumia njiani wanajua pana kina gani. Alikuwa akigonga meza yangu kwa kifundo cha kidole, halafu anainamisha kichwa kusikiliza, na madereva wazima na ndevu zao nao wanainamisha vichwa. Alisema kule chini kuna milima kama hii yetu, na mabonde, na miteremko ya kutisha, ila hakuna chai. Mtu akicheka, Afande hakucheka. Aliendelea kunywa.

Katika maneno yake yote kuna moja lililoenea Igowole nzima. Alisema kwenye ramani ya bahari, mahali ambapo meli haijapita panaachwa peupe. Hata kama kushoto umepima na kulia umepima, katikati hujapita, huandiki. Anayejaza kwa kukisia anaua watu asiowajua. "Usipopita, acha peupe," alikuwa akisema. Mama mmoja wa kwaya alianza siku moja kutuhadithia habari za katekista na mjane wa bondeni, na Afande akagonga meza. Akamuuliza kama amepita huko. Yule mama akalipa chai yake, akaondoka. Baada ya hapo hata watoto wa shule walikuwa wakiambiana hivyo wakigombana, na mwenyekiti wa kijiji alilisema mkutanoni kana kwamba amelitunga yeye.

Basi kumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Alikuwa na vituko vyake. Jicho lake halikutoka kwenye maji. Ukimmiminia chai alitazama ilipofikia kwenye kikombe, na ukirudi baada ya muda alikuambia imeshuka kiasi gani, ingawa ni yeye aliyekuwa anainywa. Pipa langu la maji ya mvua aliliangalia akipita, akasema limepungua, na kweli ningekuta mtu amechota. Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndiyo ilikuwa balaa. Wenzake wakikaa kilabuni na vikombe vyao, Afande alimwambia kila mmoja amebakiza kiasi gani, mpaka wakawa wanavifunika vikombe kwa mikono. Tulidhani ni uchoyo, au uzee. Mimi nilimtania kwamba bahari imemharibia macho. Alisema labda.

La pili lilikuwa geni zaidi kwa mwanajeshi. Afande hakuweza kukaa peke yake. Mkewe alikuwa ametangulia, na nyumba yake ilikuwa na viti vizuri na redio, lakini mchana mmoja tu wa kuwa mwenyewe ulimshinda. Mvua ikinyesha wateja wakapotea, yeye alibaki nami jikoni akinimenyea vitunguu, na alivimenya vibaya. Jioni ukungu ukishuka hakupenda kutembea mwenyewe. Hakusema. Alisimama mlangoni anatazama hali ya hewa kwa muda mrefu, na mimi nilielewa. Nilijifunga kitenge nikamsindikiza, au nilimtuma Skola. Miaka yote hiyo hatukuwahi kumwacha aende mwenyewe. Njiani aliongea bila kupumua mpaka mlangoni kwake.

Skola ni mwanangu, Skolastika. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Akiwa mdogo alishikwa na kifua kibaya. Baba yake alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Zahanati walishindwa, wakaniambia nimwahishe hospitali ya Tosamaganga. Ni Afande aliyesimama katikati ya barabara, na sweta lake na viraka vyake, akalizuia gari la watu wa mashamba ya chai mpaka wakatupakia. Akapanda naye. Alimbeba mtoto njia nzima, na kule hospitali alikaa nje kwenye benchi siku zote mpaka Skola akaanza kuomba uji. Masista walidhani ni babu yake. Nikawaacha wadhani. Tangu hapo alikuwa wa kwetu, na sitasema uongo eti sikumpenda.

Kwa hiyo Skola alikua na ile meli nyeupe. Watoto wengine walichora nyumba na maua, yeye alichora mistari inayokwenda na kurudi. Matuta ya viazi nyuma ya nyumba alikuwa akiyapitia moja moja na fimbo, anagonga chini, anamwita Afande aje asikilize. Na Afande alikuja. Aliinamisha kichwa, akamwambia hapa pana kina kirefu, hapa pana mwamba. Alipomaliza shule hakutaka ualimu wala uuguzi. Alisema anataka jeshi la wanamaji, na huko anataka meli ile ya kupima. Watu walimcheka, mtoto wa milimani ambaye hata ziwa hajaliona. Mimi sikucheka. Nilisema tuna Afande.

Usaili wa wilaya ulipofika, wale wa kamati walimwalika mstaafu mmoja wa jeshi akae nao, awasaidie kuwajua vijana wa tarafa yake. Alikuwa yeye. Asubuhi ile nilimpa chai na maandazi bila kutaka malipo, nikamwambia tu, Afande, leo ni leo. Akasema ndiyo, leo ni leo. Skola alikimbia, akaruka, akajibu maswali. Majina yalipotoka lake halikuwepo. Hatukujua kwa nini. Alijifungia chumbani na mimi nikamfariji kwa maneno yale ya kawaida, kwamba nafasi ni chache, kwamba utapata mwakani. Umri wa kuandikishwa ulikuwa unamtupa mkono, alibakiwa na mwakani hiyohiyo.

Aliyeniambia ni mtendaji wa kijiji, aliyekuwa kwenye kamati ile, na hakujua kwamba sijui. Alikuwa anakunywa chai, akasema, pole sana mama Skola kwa ile habari ya kifua cha binti, Afande alitueleza kwa uchungu, mtoto alitaka kufia mikononi mwake Tosamaganga, mtu kama huyo baharini atakufa. Alisema hivyo huku anachovya andazi.

Afande alikuwa kwenye benchi lake. Aliyasikia. Madereva walikuwepo, na sikujali.

Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema, "Mama Skola, bahari siyo kama unavyoisikia."

"Nimeisikia kwako," nikamwambia. "Hakuna mtu mwingine aliyeniambia bahari."

Akasema siyo mahali pa mtoto wa kike. Nikamwambia huko nyuma, wakati anamfundisha mwanangu kugonga matuta, alikuwa wa kiume? Akatazama kikombe. Na hapo ndipo nilipomrudishia neno lake. Nilimuuliza kifua cha Skola amekipitia lini tangu siku ile ya Tosamaganga. Daktari gani alimwambia. Mbona hakuacha peupe.

Aliinywa chai yake mpaka ikaisha. Nikamwambia chai nitaendelea kumuuzia kwa sababu ni biashara, lakini kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba yangu atakayemsindikiza.

Nilidhani atahama mgahawa. Hakuhama, na hilo lilinichoma zaidi. Kila asubuhi yuko pale, sweta la bluu, viatu vinang'aa. Jioni alisimama mlangoni anatazama ukungu, anasubiri mpita njia yeyote anayeelekea kwake ajiunge naye. Siku nyingine alisimama sana. Nilimwona, na niliendelea kuosha vyombo. Niliviosha kwa kelele ili ajue nimemwona. Wanawake wenzangu walinisema, mzee wa watu, alikubebea mtoto. Ndiyo, alinibebea mtoto. Ndiyo sababu iliniuma! Angekuwa mtu baki ningemsahau kabla mwaka haujaisha. Huyu alichukua siku ile niliyomshukuru kuliko zote, akaigeuza kuwa jiwe la kumpigia mwanangu.

Skola nilimpeleka Uyole kwa kaka yangu anayeuza viazi. Alikaa huko, akapakia magunia, akawa mkazi wa huko, na usaili ulipokuja akauingilia hukohuko Mbeya, ambako hakuna aliyemjua Afande. Mwenyewe aliomba apimwe kifua kwanza. Daktari akamsikiliza mbele na nyuma, akasema mzima. Akachukuliwa. Siku habari ilipofika niliwatangazia madereva wote kwa sauti ya kumfikia mtu wa kwenye benchi. Afande alisema Mungu ni mkubwa. Halafu akasema chai imeshuka, nimwongezee.

Baada ya mafunzo ya kambini na mengine ya ziada, Skola akapangiwa kikosi cha upimaji huko pwani. Nilikaa nasubiri simu ya kuniambia meli ikoje. Alipopiga, nilimuuliza mara moja kama wamempa chumba chenye dirisha.

"Mama, meli naiona kwa mbali tu," akasema. "Mimi niko ufukweni. Nasoma mti."

Sikuelewa, akanieleza. Bahari haitulii, mchana kutwa inajaa na kupwa. Meli ikipima kina asubuhi na ikapima palepale jioni, itapata namba mbili. Kwa hiyo anaachwa mtu ufukweni na ubao mrefu uliosimikwa majini, umepakwa nyeusi na nyeupe kama rula, wenyewe wanauita mti. Kazi yake ni kuutazama, kila baada ya muda mfupi anaandika maji yamefika wapi, siku zote ambazo meli iko kazini. Baadaye namba za meli zinarekebishwa kwa namba za mti.

Nilikasirika upya. Nikasema kwa hiyo nimekupeleka Uyole ukabebe magunia ili ukatazame ubao? Skola akacheka. Akasema, bila namba zangu, mama, za kwao hazina kazi. Halafu sauti yake ikabadilika. Alisema kuna sajini wa siku nyingi alimuuliza ametokea wapi, na aliposikia Iringa akafurahi. Akasema zamani walikuwa na mwenzao kutoka hukohuko milimani. Alipandishwa melini mara ya kwanza akaanza kutapika ikiwa bado imefungwa bandarini, na ya pili vilevile, wakamshusha. Wakampa mti. Alikaa kwenye mti mpaka akastaafu. Wakimwita mzee wa mti.

Nilikaa chini juu ya gunia la unga. Kikombe, pipa, ulanzi wa watu. Vyote hivyo vilipita mbele yangu, nikaona nimekuwa nikiishi na jambo hili jikoni kwangu bila kulijua. Unaweza kudhani nilimwonea huruma. Sikumwonea. Nililala na hasira na niliamka nayo, na siku iliyofuata niliisubiri alasiri, ukungu ulipokuwa umefunika stendi na mgahawa hauna mtu ila yeye. Nikamwekea chai mbele yake.

"Kunywa, mzee wa mti," nikasema.

Alikiweka kikombe chini polepole. Alikuwa amezeeka sana mwaka ule, na sweta lilikuwa linamzidi mabega. Nilidhani atakana. Aliniuliza tu kama ni Skola. Nikasema ndiye, na yupo kwenye mti hivi tunavyoongea.

Ndipo akasema. Alisema walikuwa wakimshusha na hema, dumu la maji na chakula, meli inaondoka inapita pale macho yanapoishia. Huwezi kuuacha ubao. Ukiuacha, hesabu ya watu wote kule imeharibika. Hakuna wa kuongea naye. "Nilikuwa naiongelesha ile ubao," akasema, kwa ile lafudhi yetu iliyokuwa ikimrudia akichoka. Meli ikirudi, wenzake wanashuka na hadithi za huko walikopita, milima ya chini, miamba, mashimo. Akazichukua. Huku milimani nani angejua? Aliona aibu kurudi nyumbani na sare halafu aseme alikuwa akitazama ubao.

"Ukampa mwanangu hizo," nikamwambia.

"Nikampa."

"Halafu ukamzuia."

"Nilijua akifika huko watamwambia. Akirudi, Igowole nzima itajua." Aliyasema hayo akinitazama usoni. "Kwa hiyo nikasema kifua."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo muda mrefu, na yalipokuja sikujua niyaweke wapi. Nilichoweza ni kuchukua simu. Nikampigia Skola, nikaiweka sauti kubwa, nikamsukumia Afande mezani. Nikamwambia haya, mwambie mwenyewe.

Alisalimia. Kamwene, mwanangu. Skola akaitikia. Nikasubiri aombe radhi. Badala yake akauliza, mti wako umeufunga na nini? Skola akasema kwa waya, kwenye nguzo ya gati la zamani. Afande akasema waya unakatika, aongeze kamba. Akamuuliza wimbi likipita anasomaje. Skola akasema anachukua juu na chini, halafu katikati yake. Afande akasema ndiyo, lakini asubuhi jua likiwa mbele yako usikae upande ule, maji yatakudanganya. Akamwambia habari ya kaa mmoja aliyekuwa anapanda ubao kila maji yakijaa, akampa cheo, akawa anampigia saluti. Skola akacheka mpaka akakohoa. Na Afande akacheka. Miaka yote kwenye lile benchi sikuwahi kumsikia akicheka namna ile, mabega yote. Maji yale, upweke ule, kaa mwenye cheo. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kutupa, na ilikuwa yake, na alikuwa ameikalia muda wote huo akitulisha za wenzake. Nilisimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi nikatamani kumpiga nacho.

Mwishowe akasogeza kikombe. Akasema, "Skola, ile ya kifua nilisema mimi."

"Najua, Afande," Skola akasema. "Mama aliniambia siku ileile aliposikia." Upepo wa huko ulikuwa unasikika kwenye simu. "Lakini ungenihadithia huo mti tangu mwanzo, ningekuja vilevile."

Afande alinirudishia simu huku Skola bado anaita haloo, haloo. Akainuka. Chai ilikuwa imejaa kama nilivyoimimina na hakusema lolote kuhusu hilo. Alifika mlangoni, na safari hii hakusimama kutazama hali ya hewa. Alitoka moja kwa moja kwenye ukungu, mtu mzima, peke yake, mkono mmoja mbele kama anayetafuta ukuta.

Hasira ilikuwa bado ipo. Nataka hilo lijulikane. Nilimwambia Skola nitampigia baadaye, nikafunika moto, nikachukua kitenge changu nyuma ya mlango nikamfuata. Nilimfikia penye mabanda ya mbao, nikatembea kando yake. Hakuongea, na mimi sikumsemesha njia nzima, mpaka nilipomwona ameingia ndani na kuwasha taa.